Kupandisha magari Elgon kama kikundi: pangeni kwa kuangalia gari dhaifu zaidi

Kama mko Kisumu, Kakamega, Eldoret ama Nakuru na mnataka kupeleka magari mlimani kama kikundi, Elgon ndio iko karibu, na ndio nitaongelea sana hapa. Wengi wakianza kupanga hizi safari wanaanza na vitu vya kununua, winchi, taa za kwa paa, tairi za meno makubwa, na mtu akishapiga picha gari imevaa hivyo anaona ako tayari. Mimi nasema anzeni na gari dhaifu kuliko zote kwa kikundi, alafu dereva mgeni kuliko wote. Hao wawili ndio wanaamua njia, wanaamua saa ya kutoka, wanaamua mpaka mahali mtalala. Mkipanga kwa nguvu ya ile Land Cruiser ya mkubwa, mchana wote mtakuwa mnavuta Forester ya mtu kwa matope na hiyo Land Cruiser pia haitafika popote.

Na tuelewane mapema: ndani ya mbuga hakuna kuendesha nje ya njia. Ni marufuku, na hata kama haingekuwa marufuku, zile nyasi za huko juu ukizipasua na tairi zinakaa muda mrefu sana kabla zipone. Tukisema njia mbaya hapa tunamaanisha njia iliyopo ambayo ni mbaya, na ziko za kutosha, msijali.

Hatua ya 1: Jueni nani anakuja na gari gani

Magari manne mpaka sita ni poa. Moja peke yake ni kujitafutia, mbili inawezekana, kumi ni harusi. Kila dereva aseme ukweli kwa grupu: gari gani, ina 4L (ile gia nzito ya kuvuta polepole na magurudumu yote) ama haina, tairi ziko aje, na yeye mwenyewe amewahi kuendesha kwa matope ama hapana. Forester, RAV4 na X-Trail zinavuta na magurudumu yote sawa, lakini nyingi hazina ile gia nzito ya 4L, na chini ziko karibu na mawe. Si kwamba zisije. Kukiwa kukavu zinafika mbali kuliko watu wanavyodhani, ila zikiwepo basi njia ichaguliwe ya kuzitosha na msianze kugeuza mawazo mkishafika getini.

Kuna watu wamekaa na Prado ama Pajero miaka mingi na ile gia ya 4L hawajawahi kuigusa. Iguseni mkiwa bado nyumbani, manake isipotumika inaganda. Kwa gari nyingi unasimama kabisa, unaweka nyutro, unavuta ile lever ndogo ama unazungusha swichi, alafu unangoja taa iache kumeta kwa dashbodi. Jaribia kwa murram. Kwa lami kavu usikate kona ukiwa umefunga 4L, magurudumu yanataka kuzunguka kwa kasi tofauti na yamezuiwa, unasikia gari inabana, na hapo ndio difu na propela zinaumia.

Hatua ya 2: Msimu na njia

Magharibi mvua haijui kuisha. Kwingine mvua ya masika ikikata mwezi wa tano watu wanashukuru, huku inaweza kuendelea mpaka mwezi wa nane. Desemba mpaka Februari ndio miezi ya kuaminika zaidi. Hata hiyo miezi, mlimani wingu linashuka mchana, kwa hivyo kazi ngumu yote imalizwe kabla ya saa saba. Udongo wa Elgon ukiwa mkavu ni vumbi tu, ukilowa unateleza mpaka mtu kwa miguu anashika mti.

Wenye mnafikiria milima ya Cherangani, haswa upande wa Pokot Magharibi, mvua ikizidi achaneni nayo kabisa. Novemba 2019 maporomoko ya ardhi huko yaliua zaidi ya watu 40 kwa usiku mmoja. Barabara iliyokatwa ubavuni mwa mlima haikwambii kama chini yake kumeshalegea.

Sasa njia. Wa Kisumu wanapitia Kakamega, Webuye, mpaka Kitale. Wa Nakuru wanapitia Eldoret, wakutane na wenzao Kitale, walale hapo ama karibu na mbuga. Kesho yake ni Endebess alafu geti la Chorlim. Kutoka getini njia inapanda msitu wenye miti mikubwa ya podo na mizeituni ya Elgon, inaingia mianzi, alafu inatokea juu kwa nyasi na vichaka, na mwisho wa barabara ni Koroborte, karibu mita 3,500. Kutoka hapo kwenda Koitobos, mita 4,222, ni miguu. Piga simu mbugani wiki ya safari uulize kama barabara ya juu iko wazi, manake mti mmoja ukianguka mpango wote unabadilika.

Kuna watu wanataka kupitia Kimilili na Kapsokwony waende Chepkitale. Ni kuzuri, lakini huko ni kwa watu, Waogiek wanaishi huko na ng'ombe wao. Uliza kabla, tafuta mwenyeji wa kuwapeleka, na msipige hema kwa malisho ya mtu kama mmetua kutoka mbinguni.

Kuhusu kulala njiani, usiseme ni kupoteza siku. Kisumu iko kama mita 1,131. Ukitoka hapo asubuhi na jioni uko 3,500 kichwa kitakugonga, tumbo likatae chakula, na dereva mwenye kichwa kinauma anafanya maamuzi ya kijinga. Laleni chini, pandeni mchana, shukeni mlale chini tena. Mtu akianza kuyumba, kuchanganyikiwa ama kukosa pumzi akiwa ametulia, hakuna kungoja apate nafuu, anateremshwa saa hiyo hiyo hata kama ni usiku.

Hatua ya 3: Karatasi na pesa

Malipo ya mbuga za KWS, lile shirika la wanyamapori, ni kwa eCitizen, hawashiki keshi getini, na mtandao wa huko si wa kutegemea, kwa hivyo lipeni mkiwa Kitale na risiti muwe nayo kwa simu zaidi ya moja. Chupa za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi mbugani tangu tarehe 5 Juni 2020, basi maji yaende kwa jerikeni na chupa za chuma. Droni usibebe kama huna vibali vyake.

Bima soma vizuri. Ile ya third party haigusi gari yako hata ikiviringika mara tatu. Ile kubwa ya comprehensive nayo kuna kampuni zinasema wazi hazilipi kwa barabara za aina fulani, so uliza na uandikiwe jibu.

Pesa ndio inavunja vikundi kuliko matope. Mweka hazina awe mtu asiye na aibu ya kuitisha, mchango uingie M-Pesa kabla ya tarehe mliyokubaliana, na ambaye hajatuma abaki kwa amani. Wasio na gari wachangie mafuta ya gari wanayopanda. Alafu hii hapa muiandike kabisa kwa grupu: gari ikikwama ikavutwa na bampa ikatoka, nani analipa? Mimi naona mwenye kukwama abebe gharama ya gari yake, na akimharibia kitu aliyekuja kumwokoa pia amlipe. Mkipanga kivingine sawa, bora mpange mkiwa bado mnacheka.

Hatua ya 4: Gereji

Gari iende kwa fundi wiki mbili kabla, si siku moja kabla. Ukitengeneza Alhamisi na Ijumaa mnaondoka, mlima ndio unakufanyia testi ya hiyo kazi. Mwambie fundi aangalie boli jointi, tairodi, bushi na shoki, brekipedi na mafuta ya breki, fenibelti, paipu za maji, filta ya hewa, na betri iwe imefungwa imara, si imelegea na kipande cha tyubu.

Kifuniko cha redieta watu hukisahau. Kule juu maji yanachemka kwa joto la chini, kwa mita 3,500 ni kama digrii 88, na presha inayoshikwa na kile kifuniko ndio inazuia kulanti, yale maji ya redieta, isichemke mapema. Kama mpira wake umekauka nunua kingine, ni kitu cha bei ndogo. (Hiyo hiyo ndio sababu maharagwe hayaivi huko, bebeni githeri iliyochemshwa tayari nyumbani.) Petroli isiyo na taabo itapoteza kama theluthi ya nguvu zake huko juu, dizeli ya taabo inavumilia zaidi. Kwa hivyo ile gari ambayo tayari inapanda mlima wa Riat pale Kisumu ikilia, jaza watu wachache na mizigo kidogo.

Tairi angalia miaka pia, usiangalie meno peke yake. Ubavuni kuna tarakimu nne, mfano 2319, maana yake wiki ya 23 ya mwaka wa 2019. Tairi ya zamani hata ikiwa na meno mazuri inapasuka ubavu ikipigwa na jiwe, na ubavu hauzibwi. Spea itoe pale ilipofungwa chini ya gari uione na macho, zile cheni za kuishusha zinashika kutu na haitashuka siku unaihitaji. Kama gari ina nati za kufuli hakikisha ile ki yake iko, na wili spana iwe inaingia sawasawa.

Mafuta jazeni Kitale. Kwa 4L gari inaweza kula mara mbili ya kawaida, so msihesabu kilomita za lami. Jerikeni ya mafuta iwe ya chuma, imefungwa nje, si ndani na watoto.

Hatua ya 5: Vitu vya kuvutana

Magari mengi hapa kwetu yametoka Japani yakiwa yametumika, na chini yake kuna vile vipete vya chuma. Wengi wanafikiri ni vya kuvutia. Vingi ni vya kufungia gari isitembee ikiwa ndani ya meli, chuma chenyewe ni chembamba, na ukikifunga kamba ukavuta kwa nguvu kinang'oka na kuruka. Lala chini uangalie: pahali pa kuvutia pa kweli pamefungwa kwa chasisi na bolti nene, ama kuna tundu la kuzungushia ndoano ambayo hukaa na jeki. Kile kichwa cha mviringo cha kuvutia trela nacho kisiguswe. Kikikatika kinakuwa risasi, watu wamekufa hivyo nchi nyingi.

Kwa kikundi kizima mnahitaji kamba mbili zinazonyumbuka za kuvutia, ile isiyonyumbuka moja, vile vyuma vya umbo la D vyenye pini angalau vinne, sepetu mbili za maana, mbao ama vile vibao vya kuweka chini ya tairi, jeki na kipande kipana cha mbao cha kuweka chini yake isizame. Pampu ya hewa iwe ya kubana kwa betri, zile ndogo za kuchomeka pale pa sigara zinachoma fiuzi. Geji ya hewa, vifaa vya kuziba pancha, waya za kujampia. Hivi vitu visikae vyote kwa gari moja, gawanyeni kwa gari ya mbele na ya nyuma.

Firimbi ya kwanza ikilia kwamba gari imekwama, watu wasikimbilie kamba. Sepetu kwanza. Toa matope mbele ya tairi na chini ya difu, toa hewa kwa tairi, weka kibao, jaribu. Mara nyingi inatoka yenyewe. Ikishindikana ndio kamba, na hapo mtu mmoja peke yake anatoa amri, wengine wakae mbali kuliko urefu wa kamba. Tupa jaketi zito katikati ya kamba ili ikikatika isiruke. Hakuna kuruka kamba iliyokazwa, hata kama unaenda kuchukua simu.

Hatua ya 6: Siku moja ya mazoezi

Wikendi kabla ya safari nendeni pahali pabaya karibu na nyumbani. Wa Kisumu wana njia za mawe huko Kajulu, wa Nakuru Menengai iko pale juu ya mji. Kila dereva, narudia kila dereva, atoe tairi moja na airudishe bila kusaidiwa, ashushe hewa na kuijaza, na awekwe kwa 4L apande na kushuka. Hewa ya lami ni kama PSI 32 mpaka 36, kwa murram mbaya shusha mpaka 26 hivi, kwa matope 20. Tairi ikilala kidogo inashika ardhi kwa upana zaidi. Ukishashusha endesha polepole na usikate kona kwa fujo, tairi itatoka kwa rimu.

Hapa ndio mtajua gari dhaifu ni ipi kwa kweli. Si lazima iwe ya bei rahisi. Unaweza kushangaa Jimny kuukuu inapita na gari ya mamilioni inakwama kwa sababu ilivalishwa tairi za mji.

Hatua ya 7: Msafara

Gari ya mbele iendeshwe na anayejua njia. Ya pili iwe ile dhaifu, sababu mbele yake kuna wa kumwonyesha na nyuma kuna wa kumsukuma. Ya mwisho iwe yenye nguvu na fundi ama mtu anayeshika spana, na huyo hapiti mtu hata mmoja. Sheria ni moja: gari iliyo nyuma yako ni yako. Ukifika njia panda unasimama mpaka uone imekuona umekata wapi, alafu ndio uendelee. Kila mtu akifanya hivyo hakuna anayepotea hata kama simu zote zimezima.

Na zitazima. Netiweki inakuja na kwenda kule juu, so pakueni ramani zikae kwa simu kabla ya kutoka Kitale, na mkubaliane pahali na saa za kungojana. Mkitaka redio za mkononi, ulizeni mamlaka ya mawasiliano (Communications Authority) mambo ya leseni kabla ya kununua. Muachie mtu nyumbani orodha ya magari, namba za usajili, watu walio ndani, njia, na saa ambayo akikosa kuwasikia aanze kupiga simu. Namba za dharura ni 999 ama 112, Msalaba Mwekundu ni 1199, na hospitali kubwa kabisa upande huu ni ile ya rufaa ya Moi (MTRH) pale Eldoret. Mwenye pumu, mwenye sukari, mwenye presha, aseme mapema na dawa zake zikae mahali wenzake wanajua.

Hatua ya 8: Juu

Kwa mlima mkali inapanda gari moja, zingine zinangoja chini mpaka ifike. Ikishindwa na kurudi nyuma isikute mtu. Pahali mnatilia shaka dereva ashuke atembee kwanza, na abiria wapande kwa miguu.

Sasa hii isome mara mbili. Gari imefika katikati ya mpando, imeshindwa, inazima. Mguu kwa breki, kaza. Usikate usukani kugeuza, gari ikikaa ubavu kwa mlima inaviringika. Usiweke nyutro uiache ishuke, hutaisimamisha. Weka rivasi ukiwa kwa 4L, magurudumu yanyooke, mtu mmoja pembeni akuonyeshe, alafu achilia breki polepole injini ndio iishike gari ikirudi kwa njia ile ile ulipandia. Fanya hii kwa mazoezi mara kadhaa mpaka mguu ujue wenyewe.

Kushuka ni gia ya kwanza kwa 4L, ama L kwa otomatiki, mguu mbali na klachi, breki kidogo kidogo. Ukisikia harufu ya breki simama zipoe. Mto ukiwa na maji ya rangi ya chai ya maziwa ngojeni, mvua imenyesha juu. Ukiingia maji na injini ikazimia humo usiwashe tena, ivutwe nje kwanza, maji yakiwa yameingia kwa silinda ukistata unapinda koni rodi na hiyo ni injini nzima.

Nyati wako, na wanatembea kwa barabara hiyo hiyo, so usishuke kuchimba dawa kwa kona. Mapango ni mazuri, ndovu huingia Kitum usiku kukwangua chumvi kwa mawe. Lakini watu wawili waliotembelea hapo, 1980 na 1987, walipata Marburg, ugonjwa hatari wa virusi, na popo ndio wanashukiwa. Mimi naangalia nikiwa mdomoni mwa pango, wanaotaka kuingia ndani waende na renja, na wasishike popo wala kinyesi chake.

Hatua ya 9: Mkishuka

Kabla ya lami jazeni hewa, tairi laini kwa kasi ya lami inachemka na kupasuka. Angalieni nati za magurudumu zote, zinalegea na ile mitikisiko. Nyumbani osha chini ya gari mpaka matope yaishe kwa breki na kwa redieta, na kama mlivuka mto fungua boliti ya difu utoe oili kidogo: ikiwa nyeupe kama maziwa maji yameingia, badilisha wiki hiyo hiyo. Mweka hazina aweke hesabu kwa grupu ndani ya siku tatu, na kamba zikaushwe kivulini kabla ya kufungiwa stoo, zikifungwa mbichi zinaota ukungu.